Jumba la Wachezaji la Lord's: Ngozi ya Udongo na Njia ya Mpigaji

Wengi wanaolitazama jumba la wachezaji wa kriketi katika uwanja wa Lord's, London, husifu kwanza minara yake miwili. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, huanza na ngozi ya kuta zake.

Jumba hilo lilijengwa kati ya mwaka 1889 na 1890 kwa ajili ya klabu ya kriketi ya Marylebone. Aliyelichora ni Thomas Verity, msanifu aliyekwisha kujipatia jina kwa kumbi za tamthilia, ukiwamo ule wa Criterion katika mtaa wa Piccadilly, na mkono huo unaonekana: roshani zimepangwa kuelekea uwanjani kama kuelekea jukwaani, na jengo zima limesimama nyuma ya mstari wa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, mahali ambapo mtazamaji huona vizuri mpira unavyopinda.

Kuta za matofali zimepambwa kwa terakota, yaani udongo uliokandamizwa ndani ya kalibu kisha ukachomwa tanurini. Katika London ya moshi wa makaa ya mawe, jiwe la nakshi lililiwa na masizi yenye asidi, ilhali terakota ilistahimili; tena kalibu moja ilitoa vipande vingi vinavyofanana bila gharama ya kumlipa mchonga mawe kwa kila kimoja. Udhaifu wake umo katika ngozi ile ngumu inayoumbwa na moto. Ikichubuliwa, kwa mfano na fundi anayesafisha kwa kupuliza mchanga, udongo wa ndani hunywa maji, na vyuma vilivyofichwa ndani hushika kutu, vikavimba na kupasua kipande. Kuziba viungo kwa saruji ngumu huongeza madhara, kwa kuwa unyevu unaokosa njia kwenye kiungo hutokea kwenye kipande chenyewe. Waliowahi kukarabati kuta za chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayajua maudhi hayo.

Jengo limo katika orodha ya urithi ya Uingereza, daraja la II*, la pili kwa juu. Kwa maoni yangu, hata hivyo, terakota si kitu cha thamani kuliko vyote humo; kinachoipita ni njia. Mpigaji hutoka chumba cha kubadilishia nguo kilichoko juu, ambako mbao za heshima huandika majina ya waliofikisha mikimbio (alama) 100 katika mechi za Test, yaani mechi ndefu za kimataifa, uwanjani hapo (la Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India, halimo), akashuka ngazi, akapita katikati ya wanachama ndani ya Ukumbi Mrefu, ndipo akatokea nje kwenye majani. Mwaka 1975 David Steele, akiichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, alishuka ngazi kupita kiasi na kujikuta kwenye vyoo vya chini. Msanifu wa leo angeweka mlango wa mkato. Nashukuru kwamba haukuwekwa.

Njia hiyo ilikuwa na wenyewe. Klabu ilianzishwa mwaka 1787, na wanachama wake walipiga kura ya kuwakubali wanawake mwaka 1998 tu. Kabla ya hapo, siku ya mechi, mwanamke asiye malkia wala mtumishi hakuruhusiwa kukaa na wanachama ndani ya ukumbi ule.