Mwanza haijaisha kuandikwa

Vijana wanaotaka kuandika makala za safari huniambia Mwanza haina jipya, kwamba Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu ndani ya Ziwa Victoria, limeshapigwa picha na kila mtu. Ni kweli, picha zimejaa. Ila anayefunga safari kuja huku ana maswali ambayo picha ya jiwe haiyajibu, na hayo ndiyo makala.

Mimi nilijifunza hilo Igombe, ufukwe wa wavuvi hapa Mwanza. Nilifika alfajiri, nauli ya daladala imenitoka, nikitaka kuona dagaa wakishushwa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, vijana wanashona nyavu, chanja za kuanikia dagaa hazina kitu. Nikamwamkia mzee mmoja shikamoo, nikamuuliza kulikoni. "Marahaba, mwanangu. Hukuangalia mwezi? Njoo wakati wa giza." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga ndio unaowavuta. Mbalamwezi ikitawala ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, wengi hupumzika. Nilirudi bila picha hata moja ya dagaa, lakini nikiwa na makala ambayo ingeniokoa kama mtu angeiandika kabla yangu: angalia mwezi kwanza, ndipo upange safari.

Dhana nyingine ni kwamba makala yenye sauti yako lazima ijae "mimi". Hapana. Sauti yako iko katika swali unalolichagua. Daraja la Kigongo–Busisi juu ya ziwa, la kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025 kuchukua nafasi ya kivuko, na wengi wataandika urefu wake. Wewe uliyewahi kusubiri kivuko pale ukila samaki wa kukaanga, nenda kamtafute yule mama uliyekuwa ukinunua kwake. Anauzia wapi sasa?

Kamera ya bei? Daftari linatosha kuanza.

Halafu majina. Wapo wanaodhani Kisiwa cha Saanane kimeitwa kwa saa ya mchana. Ni jina la mtu, mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla ya serikali kukifanya kisiwa hicho makazi ya wanyama miaka ya 1960. Leo ni hifadhi ya taifa. Mtaa unaokaa wewe, uliitwa hivyo kwa sababu gani? Mzee wa jirani huenda anajua, na jioni huwa yupo barazani.