Masizi yakiingia baharini: bakteria, virusi na chembe inayonata

Pitisha kidole ndani ya chemni ya taa ya mafuta, kitatoka cheusi. Hayo ndiyo masizi, kaboni inayobaki pale moto unapokosa hewa ya kutosha. Injini za dizeli, makaa ya mawe, kuni na misitu inayoungua, vyote huyatoa. Upepo huyachukua, mengine hata maelfu ya kilomita, na mwishowe sehemu yake huangukia baharini, yakiwa makavu au yamebebwa na mvua.

Siri ya masizi iko kwenye umbo. Chembe moja ni vitufe vya nanomita makumi machache vilivyoshikana kama kishada chenye matawi. (Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 70,000 hivi.) Kishada cha namna hiyo kina uso mkubwa mno kwa uzito wake, na uso huo hunasa vitu, hasa mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini. Havifyonzwi kama maji kwenye sifongo. Hunata juu tu. Makaa ya kuchujia maji hufanya kazi kwa tabia hiyohiyo.

Sasa tazama mililita moja ya maji ya bahari. Kwa kawaida ina bakteria kama milioni moja, na virusi kama milioni 10. Vingi vya virusi hivyo havina habari na binadamu, windo lao ni bakteria. Ila kirusi hakiogelei. Huelea ovyo mpaka kigongane na bakteria anayekifaa, kimwingie, kizaliane ndani yake, kisha kimpasue. Masizi yakiwapo, kirusi kinaweza kugongana na kishada kwanza na kunata hapo. Majaribio ya kutia masizi kwenye maji ya bahari yameonyesha jambo hilo: virusi vinavyoelea huru hupungua.

Kwa bakteria mambo ni tofauti kidogo. Wengine huhamia kwenye chembe, kwa kuwa chakula kilichonata kimekusanyika mahali pamoja. Si wote wanaonufaika, maana masizi hubeba pia kemikali zenye sumu zitokanazo na moshi. Kwa hiyo mchanganyiko wa jamii za bakteria unaweza kubadilika hata kama idadi yao haikubadilika.

Hilo linagusa safari ya kaboni. Bakteria akipasuliwa na virusi, yaliyomo ndani yake humwagika na kuliwa na bakteria wengine, yanabaki juu. Lakini chembe za masizi zikishikamana na ute wa baharini hufanya mabonge, na mabonge mazito huzama na kaboni yake.

Kuhesabu kuna mtego wake. Virusi hutiwa rangi inayong'aa, vikaonekana kwenye hadubini kama nukta za kijani. Masizi humeza mwanga, hivyo kirusi kilichonata nyuma ya kishada hakionekani, wala haina maana kwamba kimekufa.