Padri akija wodini, haimaanishi daktari amekata tamaa

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: ukiona padri au mchungaji wa hospitali kasimama kitandani kwa mgonjwa wako, jua madaktari wameshanawa mikono, andaeni msiba.

Si kweli. Anayetoa huduma ya kiroho hospitalini huzungukia wodi kama sehemu ya kazi yake: akina mama waliojifungua, waliovunjika miguu, hata anayesubiri kuruhusiwa kesho. Wengi hupata mafunzo zaidi ya theolojia. Ule mtindo wa kujifunzia wodini, chini ya msimamizi, ulianza Marekani mwaka 1925. Mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa, kisha yanachambuliwa. Anafundishwa kusikiliza, kutunza siri na kutomlazimisha mtu dini. Mgonjwa akisema hapana, basi.

Hofu hii ina mizizi. Zamani Wakatoliki wengi waliitiwa padri wakati wa kukata roho tu, na wazee wetu waliyaona hayo. Lakini utaratibu wa Kanisa Katoliki uliorekebishwa mwaka 1972 unaruhusu mpako, yaani kupakwa mafuta matakatifu na kuombewa, kwa yeyote anayeumwa sana, na unaweza kurudiwa.

Una wasiwasi? Muulize muuguzi wa zamu kwa nini padri amekuja. Hali ya mgonjwa utaielezwa na daktari, si na kanzu.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna ndugu atausomea ndani ya kivuko cha Kamanga, mgonjwa wake yuko wodini.