Kubadili muundo wa seli hakugeuzi maandishi kuwa namba

Watumiaji wengi wa Excel, wanapoona safuwima imepangwa 1, 10, 100, 2, 25, huamini kwamba programu imekosea, kisha huichagua safuwima nzima na kuipa muundo wa namba wakitarajia mpangilio ujirekebishe. Haujirekebishi. Muundo huamua tu jinsi thamani inavyoonekana; iliyoingia kama maandishi hubaki maandishi na hupangwa alama kwa alama, ndiyo maana 10 hutangulia 2.

Ili kuhakikisha, andika =ISNUMBER(A2) pembeni: jibu likiwa FALSE, hiyo si namba. Tiba ya kawaida ni kunakili seli yenye 1, kisha kuibandika juu ya safuwima kwa ubandikaji maalumu wa kuzidisha (Paste Special, kisha Multiply). Njia hiyo haifui dafu kwa data iliyotoka kwenye tovuti, ambayo mara nyingi hubeba nafasi isiyokatika (non-breaking space), alama namba 160 inayoonekana kama nafasi ya kawaida, ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiiondoi; hapo hutumika =VALUE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160),"")).

Tarehe ni hatari zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu hudanganya kimyakimya. Kompyuta yenye mipangilio ya Marekani ikifungua faili la CSV (faili la maandishi ambamo thamani hutenganishwa kwa mkato), huiacha 25/12/2023 kama maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, lakini 03/04/2023 huisoma kuwa Machi 4 bila onyo lolote, na ISNUMBER huijibu TRUE. Kosa hilo huzuiwa wakati wa kuingiza faili, kwa kutaja kwamba siku hutangulia mwezi.