Mkwaju mikononi mwa kipa: kani, inesha na momenta

Mpira rasmi wa miguu, saizi ya 5, una gramu 410 hadi 450. Ukitulia kwenye nyasi hauondoki mpaka kitu kiusukume, na ukishaondoka hausimami mpaka kitu kiuzuie. Hali hiyo ndiyo inesha, nayo huongezeka kadiri tungamo, yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo, linavyoongezeka. Ndiyo maana mpira mwepesi wa makaratasi wa chandimu hushika kasi upesi, kisha hewa huimaliza upesi vilevile.

Wengi huamini kwamba mpira ukiwa hewani bado unasukumwa na nguvu ya mguu. Njumu huugusa mpira kwa takriban sekunde 0.01 tu, basi. Mpira wa gramu 430 ukiondoka kwa mita 25 kwa sekunde, momenta yake ni tungamo mara kasi: kilo 0.43 × 25, yaani kilo-mita 10.75 kwa sekunde. Gawanya kwa sekunde 0.01, utapata wastani wa kani ya mguu, yaani nguvu ya kusukuma, inayopimwa kwa niutoni: niutoni 1,075. Baada ya hapo mguu hauna kazi tena. Uzito wa mpira, niutoni 4.2, unauvuta chini, na hewa inaukinza kwa karibu niutoni 3. Mpira usio na upepo wa kutosha hubonyea mno, na sehemu ya nishati ya mguu hupotelea kwenye kubonyea huko. Pampu yenye geji isome kati ya 8.5 na 15.6 psi (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha shinikizo).

Mchezaji wa mguu wa kulia akiugonga upande wa kulia kwa ndani ya mguu, mpira huzunguka na kupinda kushoto, kwa kuwa mzunguko huo huitupa hewa ya nyuma upande wa kulia, nayo hewa huusukuma mpira upande wa pili.

Sasa kipa. Hapa ndipo makocha wa watoto wanapaswa kuwa makini zaidi, maana hapa vidole huvunjika. Momenta ile ya 10.75 lazima iishe yote, apende asipende. Anachoweza kuchagua ni umbali wa kuimalizia: umbali ukirefuka, muda nao hurefuka na kani hupungua. Akikakamaza mikono, mpira ukasimama ndani ya sentimita 5, wastani wa kani ni karibu niutoni 2,700, sawa na uzito wa mifuko mitano na nusu ya saruji ya kilo 50. Akiupokea mbele ya kifua na kurudi nao sentimita 25, kani hushuka hadi niutoni 540 hivi, mfuko mmoja na kidogo. Mpira ukimdunda na kurudi, hali ni mbaya zaidi: mikono imesimamisha momenta ya kwanza na kutoa nyingine ya kurudishia.

Kwa mpira wa kichwa, shingo ikazwe kabla ya mguso. Shingo ikilegea, kichwa hurushwa peke yake; ikikazwa, kichwa na kiwiliwili huwa tungamo moja kubwa lisiloyumbishwa kirahisi.

Darasani, wanafunzi wawili washike shuka wima bila kulivuta, upindo wa chini wakiukunja juu kama mfuko. Mwingine arushe yai bichi katikati kwa nguvu zake zote. Shuka hurudi nyuma pamoja na yai, muda wa kusimama unarefuka, na yai huteremka kwenye mkunjo likiwa zima. Likirushwa kwa kasi ileile ukutani, hupasuka.