Ati ukicheza mpira jioni usiku hulali?

Huku Lamu wazee wakiona vijana watoka uwanjani magharibi yaingia, maneno ni yale yale, nyinyi usiku hamlali, zoezi ni la alfajiri. Si kweli, au tuseme ni robo ya ukweli. Mtu amemaliza mpira saa kumi na mbili jioni na hulala saa tano usiku, hapo kati mwili ushapoa na moyo ushatulia, mpira hauhusiki tena. Na jioni ndio joto la mwili liko juu kuliko alfajiri, misuli iko tayari, ndio maana wengi hukimbia vizuri wakati huo.

Hiyo robo sasa. Usingizi ukija joto la ndani hushuka na mapigo hupungua, na zoezi zito lafanya kinyume chake. Zile mechi za Ramadhani baada ya tarawehe, mtu atoka saa sita usiku bado ahema, aenda kitandani moja kwa moja halafu ashangaa mbona agaagaa tu. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha Monash, Australia, walitoa matokeo ya karibu watu 15,000 waliovaa vifaa vya kupima mapigo, wakaona zoezi zito likiisha ndani ya masaa manne kabla ya kulala watu huchelewa kupata usingizi, hulala kidogo, na mapigo ya usiku huwa juu. Likiisha mapema zaidi ya hapo, hakuna tofauti ya maana. Na ni zoezi zito lakini!! Kutembea pole pole kutoka mjini mpaka Shela baada ya isha hakumnyimi mtu usingizi.

Mimi naona wengi wausingizia mpira bure na mwizi ni kahawa chungu, mtu akitoka uwanjani barazani, kikombe cha kwanza cha pili cha tatu, na kafeini huchukua kama masaa matano ndio nusu yake iondoke mwilini. Hiyo hakuna mzee wa kuisema, maana wanywa wote pamoja.

Ati mapigo yakiwa juu usiku moyo ni mgonjwa? Siyo lazima. Mtu mzima akiwa ametulia kawaida ni 60 mpaka 100 kwa dakika, wazoefu wa mazoezi hata 50, na ukicheza usiku saa yako ikionyesha yamepanda kidogo ni mwili wajirudisha. Kifua kikiuma au ukizimia, hapo nenda hospitali usingoje.

Na hiyo alfajiri inayosifiwa, presha hupanda yenyewe mtu akiamka na mshtuko wa moyo hutokea zaidi asubuhi, kwa hivyo mwenye presha aanze kwa kutembea kwanza sio kutimua mbio na usingizi bado uko machoni. Halafu kuna wale walala saa saba usiku waamka saa kumi kukimbia ufuoni, masaa matatu tu wakati mtu mzima ataka saba na zaidi, hao bora walale wakimbie jioni.