Besi Haisikiki Kwenye Roki Nzito? Punguza Besi

Malalamiko ya wapiga besi wa roki nzito ni yale yale: ukiwa peke yako chumbani gitaa lako la besi linanguruma, bendi ikianza unabaki mtetemo tu sakafuni. Wengi hukimbilia nobu ya besi, ile ya sauti za chini, na kuipandisha. Hapo ndipo mambo huharibika zaidi.

Uzi wa E ukipigwa wazi hutoa takribani Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Boksi dogo lenye spika moja ya inchi 10 haliwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu. Unachosikia hasa ni Hz 82 na zilizo juu yake, na sikio linajijazia msingi lenyewe. Ukipandisha Hz 40 au 50 unakula nguvu ya amplifaya na kuitikisa koni ya spika bure. Kiki ya dramu, ile ngoma kubwa ya mguu, nayo iko hapo Hz 60 hadi 100, na juu yake magitaa yenye distosheni (sauti iliyochafuliwa makusudi) yamejaa kila mahali. Kinachomfanya msikilizaji atambue umepiga noti gani ni eneo la Hz 700 hadi 1,000. Kwenye ikwalaiza (nobu za kupandisha na kushusha sehemu za sauti) pandisha hapo dB 3 au 4 (dB ni kipimo cha nguvu ya sauti), punguza kiasi hicho hicho karibu na Hz 250 ambako uzito hugeuka tope, kisha ongeza kidogo Hz 2,000 na kitu kama unataka mgoto wa piki (kipande cha kupigia nyuzi) usikike. Fanya haya yote bendi ikiwa inapiga. Sauti itakayokufaa ukiwa nao, ukiwa peke yako itaonekana kavu na ya puani. Iache hivyo hivyo.

Waliokulia kwenye rumba au kwaya huja na trebo (sauti za juu) imefungwa na nyuzi zilizochakaa. Kule inafaa, kwa sababu magitaa ni safi na yanapigwa juu. Hapa inazama.

Kabla ya kununua pedali, weka nyuzi mpya za roundwound (zilizozungushiwa waya wa mviringo), unene wa inchi .045 hadi .105. Kama bendi inashusha E kuwa D, uzi mnene uwe .110 au zaidi, maana ule wa .105 utalegea na kila ukigongwa kwa nguvu noti itaanza juu kabla ya kutulia. Ukibadilisha unene, linganisha harmoniki ya freti ya 12 (mlio wa kugusa uzi bila kuubana) na noti iliyobanwa hapo hapo: iliyobanwa ikiwa juu, rudisha nyuma kibebeo cha uzi darajani. Kwenye gitaa la aina ya Jazz Bass, pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zote mbili zikifunguliwa kabisa huchimba shimo katikati ya sauti. Punguza ya darajani kidogo, midi (sauti za kati) zitarudi, ingawa mvumo wa umeme nao utarudi kidogo.

Distosheni inataka uangalifu. Pedali nyingi za gitaa hukata sauti za chini, kwa hiyo ukiiwasha peke yake unapata mkwaruzo usio na tumbo. Tumia pedali yenye nobu ya kuchanganya sauti safi na chafu, anza na theluthi moja chafu, na ukiweza ikate ile chafu chini ya Hz 200. Kompresa, kifaa cha kushusha mapigo yanayozidi: uwiano 4:1, ataki (muda kabla ya kuanza kushusha) milisekunde 20 hadi 30, ipunguze dB 4 hadi 6 kwenye mapigo makubwa. Ataki ikiwa ya haraka mno itameza mgoto ule ule uliouhangaikia.

Sasa mistari, ambako kwa maoni yangu ndiko kuna kazi kubwa kuliko vifaa vyote. Urefu wa noti ni nusu ya sauti yako. Kwa mapigo 120 kwa dakika, noti ya moja ya nane ni milisekunde 250. Mpiga gitaa akizifinya nyuzi kwa kiganja na wewe ukaacha noti zako zivume, rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) inapoteza meno. Kata pale anapokata. Nyuzi usizozipiga zizime kwa kidole gumba na kwa vidole vya mkono wa freti, la sivyo distosheni itazikuza zote.

Usifuate rifu yote kila wakati. Kwenye ubeti, shika noti ya msingi kwa noti za moja ya nane sawasawa, kama Cliff Williams alivyofanya miaka mingi na AC/DC, na mikazo yako iangukie kwenye kiki. Rifu ya pamoja iweke kwa kiitikio, ndipo itaonekana kubwa. Bendi yenye gitaa moja ina shimo wakati wa solo: hapo panda oktava, ongeza noti ya tano, tembea kati ya kordi. Geezer Butler wa Black Sabbath ni mfano mzuri wa kusikiliza. Lakini mwimbaji akiingia, rudi chini.

Jukwaani, mpe fundi sauti laini mbili: moja safi kutoka kabla ya pedali, nyingine ya mikrofoni mbele ya spika. Zote zikifunguliwa na sauti za chini zikatoweka, zinapingana: mwambie ageuze swichi ya fezi (inayopindua mawimbi ya sauti) kwenye moja ya chaneli hizo kabla hajagusa ikwalaiza.